Kumi mbili mkononi: kufuata, kupandisha au kutupa katika poka ya dau lenye kikomo

Usiku wa Jumamosi moja ya mwezi Julai, katika nyumba moja ya Uyole, Mbeya, nilitupa jozi ya kumi mbele ya dau la mwisho, na meza nzima ikanisifu. Fundi seremala aliyekuwa ameweka dau hilo alifunua ree na malkia, na kwa kuwa malkia mwingine alikuwa wazi mezani, ilikuwa dhahiri kwamba kama ningefuata ningepoteza. Wote walisema nimeona mbali, isipokuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu kwa miaka mingi, ambaye aliendelea kuota moto kwenye jiko la mkaa mpaka karata zilipoanza kuchanganywa upya, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, pale umekosea, ila malkia amekufichia kosa."

Nilirudi nyumbani nikaupitia mgawo ule kwa daftari na kalamu, hatua kwa hatua, na nimeridhika kwamba Mwalimu alisema kweli. Tena niligundua kwamba kosa halikuwa moja. Naweka hapa kila njia panda ya mgawo ule pamoja na njia zilizokuwapo, ili anayecheza mchezo huu aweze kuchagua akijua anachokilipia.

Kwa asiyeuzoea, mchezo wenyewe ni holdemu ya kikomo. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, halafu mezani hufunuliwa karata 3 kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na baada ya kila hatua watu huweka dau. Kiasi cha dau kimepangwa tangu mwanzo na hakibadiliki: sisi hutumia punje 2 katika raundi mbili za mwanzo na punje 4 katika raundi mbili za mwisho, na katika raundi moja dau likishawekwa linaweza kupandishwa mara 3 tu. Kabla ya karata kufunuliwa, wawili walio kushoto kwa mgawaji huweka dau la lazima, mmoja punje 1 na mwingine punje 2. Punje ninazozitaja ni maharage ya njano, yanayotolewa kwenye debe la mwenye nyumba na kurudishwa mle mle mchezo ukiisha, kwa kuwa hatuchezi kwa fedha. Zamu ikikufikia unaweza kufuata, yaani kulipa sawa na dau lililopo; kupandisha, yaani kuliongeza; kutupa, yaani kuziacha karata na kutoka katika mgawo; au, kama hakuna dau bado, kupita bila kuweka kitu. Dau zote huingia bakulini, na mwenye mkono bora wa karata 5 mwishoni ndiye anayelichukua bakuli. Ree ni ile karata yenye herufi A.

Kikomo hicho ndicho kinachoupa mchezo huu tabia yake. Katika poka isiyo na kikomo mtu anaweza kusukuma kila alichonacho katikati na kumtisha mwenzake kwa wingi wa dau, lakini hapa hakuna wa kumtisha mwenzake kwa punje 4. Kinachobaki ni bei, yaani kilichomo bakulini kikilinganishwa na kile unachotakiwa kulipa ili uendelee kukigombea. Takriban kila uamuzi wa kutilia shaka katika mgawo wangu ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeangalia karata zake akasahau kuangalia bakuli.

Kabla ya karata za mezani: kufuata au kupandisha

Tulikuwa sita. Mama mwenye nyumba aliweka punje 1 ya lazima, Mwalimu akaweka 2. Kijana wa kwanza alitupa karata, fundi akapandisha hadi 4, na zamu ikanifikia nikiwa na kumi ya kopa na kumi ya pau. Nyuma yangu alibaki mgawaji, Mama na Mwalimu. Nilifuata kwa punje 4. Mgawaji na Mama walitupa, Mwalimu akaongeza 2 zake, na bakuli likawa na punje 13.

Anayetetea kufuata husema kwamba kumi mbili si karata za kujivunia mbele ya mtu aliyepandisha, kwamba ni bora kuona karata 3 za mezani kwa bei nafuu, na kwamba mkono wako unabaki umefichika. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa sababu ukishika kumi mbili, karata 3 za kwanza zitakuja bila jeki, malkia, mfalme wala ree kwa asilimia 30.5 tu ya mara zote. Katika takriban migawo 7 kati ya 10, mezani patakuwa na angalau karata moja inayozipita kumi zako.

Hata hivyo, sababu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nichague kupandisha. Kama karata kubwa ni adui yangu, basi kila mtu wa ziada anayeingia anakuja na karata kubwa nyingine. Tazama bei niliyompa Mwalimu: nilipofuata tu, aliombwa punje 2 huku bakulini mna 11, yaani 5.5 kwa 1, na kwa bei hiyo mtu hufuata kwa karata yoyote yenye sura. Ningepandisha hadi 6, angeombwa punje 4 huku bakulini mna 13, ambayo ni 3.25 kwa 1, na bado angehofu kwamba fundi atapandisha tena. Mwalimu alikuja kutuonyesha alichokuwa nacho, ree na jeki, akasema wazi kwamba kwa bei ya pili angetupa bila kusita. Njia hii panda si ngumu, kwa hiyo siirefushi: dhidi ya mtu mmoja aliyepandisha, huku wengine wakiwa bado nyuma yako, kumi mbili hupandishwa. Ningefuata tu kama watu watatu au wanne wangekuwa wameshaingia, kwa kuwa hapo kupandisha hakumfukuzi mtu, na ningekuwa natafuta kumi ya tatu zaidi ya kitu kingine chochote.

Karata tatu za kwanza: kupandisha sasa au kusubiri

Zilifunuliwa tisa ya shupaza, sita ya shupaza na tatu ya uru. Kwangu huo ulikuwa mmoja wa ule uchache wa mara ambapo hakuna karata inayozipita kumi. Mwalimu alipita, fundi akaweka punje 2, bakuli likafika 15. Nilifuata kwa 2, Mwalimu naye akafuata, likawa na 19.

Hapa ndipo mimi na Mwalimu hatukubaliani hadi leo, na kwa kweli ndipo penye utamu wa mchezo huu.

Njia ya kwanza ni kupandisha papo hapo hadi 4. Mwalimu, ambaye zamu yake inanifuata, angeombwa punje 4 huku bakulini mna 19, yaani 4.75 kwa 1. Akiwa na ree na jeki, karata zinazoweza kumpa jozi iliyo juu ya kumi zangu ni ree 3 na jeki 3, jumla 6, kati ya 47 asizoziona, kwa hiyo zinazomkosesha ni 41 na bei anayohitaji ni karibu 6.8 kwa 1. Kwa 4.75 anafanya kosa akifuata. Mimi nilipofuata tu, aliombwa punje 2 huku bakulini mna 17, yaani 8.5 kwa 1, na kufuata kwake kukawa halali kabisa. Kwa maneno mengine, ni mimi niliyemfungulia mlango. Mwenye shupaza mbili mkononi ni habari nyingine: karata 9 zinamkamilishia shupaza 5, mkono unaoishinda jozi yoyote, bei anayohitaji ni karibu 4.2 kwa 1, kwa hiyo anafuata kihalali iwe nimepandisha au sikupandisha, ila nikipandisha analipa mara mbili.

Njia ya pili, ambayo Mwalimu anaitetea kwa moyo wote, ni kufuata kwa utulivu na kungoja karata ya nne, ambapo dau linakuwa kubwa. Hesabu yake ni nzuri. Fundi akiweka 4, bakuli linakuwa na 23. Nikipandisha hadi 8 linakuwa na 31, na Mwalimu anaombwa punje 8 kwa mkupuo. Hiyo ni chini kidogo ya 3.9 kwa 1. Kwa bei hiyo hata mwenye shupaza mbili, anayehitaji karibu 4.1 kwa 1 wakati huo, anaanza kujikuna kichwa, na mwenye karata 6 tu za kumwokoa hana la kufanya isipokuwa kutupa. Mlango uliofunguliwa kwa punje 2 unafungwa kwa punje 8.

Tatizo la njia hiyo ni kwamba lazima karata ya nne iwe rafiki, tena lazima fundi aweke dau kwa mara nyingine. Nilizihesabu moja moja kwenye daftari. Kati ya karata 47 nisizoziona, 16 ni jeki, malkia, wafalme na ree. Shupaza ndogo ambazo hazimo katika hizo 16 ni 7, lakini kumi ya shupaza inanipa kumi tatu, kwa hiyo zinazonitia wasiwasi ni 6. Jumla ni karata 22 kati ya 47, karibu nusu. Mara moja kati ya mbili, mpango wa kusubiri unavunjika kabla sijapata nafasi ya kuutekeleza, na wenzangu wameshaona karata ya nne kwa bei ya chini.

Ndiyo maana naona kupandisha sasa ni bora kwa kumi mbili, na kusubiri ni bora kwa jozi kubwa zaidi. Ningeshika wafalme wawili juu ya karata zile zile, zinazoupita mkono wangu zingekuwa ree 4 tu badala ya karata 16, na hapo ningemfuata Mwalimu kwa furaha. Kadiri jozi inavyokuwa ndogo ndivyo kusubiri kunavyogharimu zaidi. Vilevile kupandisha mapema kungenipa habari: malkia alipoanguka baadaye, fundi mwenye ree na mfalme huenda angepita mbele ya mtu aliyepandisha, na fundi mwenye malkia asingepita. Kwa kufuata tu, nilimwachia aweke dau kwa kila alichonacho, nami nikabaki nikibahatisha.

Karata ya nne: kutupa au kufuata

Alianguka malkia wa kopa. Mwalimu alipita, fundi akaweka punje 4, bakuli likawa na 23, nami nikafuata. Mwalimu akatupa, akieleza baadaye kwamba kama mmoja wetu alikuwa na malkia, jeki zake zilikuwa hazimsaidii tena.

Wengi husema kwamba hapo ndipo nilipaswa kutupa, kwa kuwa karata niliyokuwa naiogopa ilikuwa imefika. Kwa haki, bei isipimwe kwa punje 4 za wakati ule peke yake, kwa kuwa anayefuata karata ya nne hutegemea kuombwa 4 nyingine kwenye ya tano. Kwa hiyo nilikuwa nalipa punje 8 ili nipate 27, yaani zile 23 na 4 za mwisho za fundi. Nilihitaji kushinda karibu asilimia 23 ya mara zote.

Je, nilikuwa nazo? Kwa jinsi ninavyomjua fundi, anapopandisha kutoka kiti kile huwa ana jozi ya saba au zaidi, au ree pamoja na mfalme, malkia au jeki, au mfalme na malkia. Nikiondoa karata nilizoziona, namna zinazonishinda, yaani michanganyiko ya karata 2 anayoweza kuishika, ni hizi: ree mbili namna 6, wafalme wawili 6, malkia wawili 3, jeki mbili 6, tisa mbili 3, ree na malkia 12, mfalme na malkia 12. Jumla ni 48. Ninazozishinda ni nane mbili namna 6, saba mbili 6, ree na mfalme 16, ree na jeki 16, jumla 44. Kumi mbili nyingine, namna 1, ni sare.

Kama fundi angeweka dau kwa jozi tu na kupita kwa ree na mfalme au ree na jeki zote, ningeshinda namna 12 kati ya 60, asilimia 20, na kutupa kungekuwa na haki kwa tofauti ndogo. Lakini akiendelea na robo tu ya zile 32 za ree na mfalme na ree na jeki, nashinda 20 kati ya 68, zaidi ya asilimia 29. Ni kweli kwamba baadhi ya hizo zingenipita kwenye karata ya tano, na kwamba Mwalimu alikuwa bado hai nyuma yangu, kwa hiyo sidai kwamba faida ilikuwa kubwa. Nadai tu kwamba kufuata kulikuwa sahihi, na kupandisha kulikuwa nje ya swali, kwa kuwa fundi angetupa kila ninachokishinda na kubaki na kila kinachonishinda.

Karata ya tano: uamuzi niliosifiwa

Ilifunuliwa mbili ya pau, karata isiyomsaidia mtu. Shupaza hazikukamilika. Fundi aliweka punje 4, nami, baada ya kumtazama usoni kwa muda, nikatupa.

Mwalimu alinionyesha kosa langu kwa namna ambayo sitaisahau. Mchezo ulipokwisha na wengine wakiwa wanavaa makoti yao, alichukua sinia, akahesabu punje 31 akazirundika upande mmoja, akahesabu nyingine 4 akaziweka upande wa pili, akasogeza taa karibu. "Hizi 4 ndizo ulizozinusuru," akasema, "na hizi 31 ndizo ulizoziacha zichukuliwe bila kuuliza." Lile fungu la 4 lingeweza kufunikwa na ukucha wa kidole gumba, ilhali lile jingine lilijaza kiganja.

Ukiligeuza sinia lile kuwa hesabu, ni 7.75 kwa 1. Nilihitaji kuwa mbele kwa asilimia 11.4 tu. Ningefuata mara 8 katika hali kama ile na kupoteza mara 7, ningetoa punje 28 na kuingiza 31, na bado ningekuwa na ziada ya 3. Nikirudi kwenye orodha yangu, hata kama fundi ataweka dau kwa kila mojawapo ya zile namna 48 zinazonishinda, inatosha awe na dau pia kwa namna 7 kati ya zile 44 ninazozishinda. Saba kati ya arobaini na nne! Jozi ya nane peke yake, inayodhani kwamba mimi nilikuwa nakimbizana na shupaza zilizokosekana, inaleta namna 6. Nimeshamwona fundi kwa macho yangu akifunua nane mbili baada ya dau la mwisho, na siku nyingine akifunua ree na mfalme mtupu, akiwa ametishia nyau toka mwanzo hadi mwisho.

Kuna pia tofauti ya uzito kati ya makosa mawili. Nikifuata nisipopaswa, napoteza punje 4. Nikitupa nisipopaswa, napoteza 31. Anayesitasita kati ya mawili hayo, na bakuli limejaa, ana sababu ya kutosha ya kulipa.

Jambo moja linapaswa kusemwa bila kufichwa, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi wanapopitia michezo yao. Kwa jinsi nilivyocheza nilipoteza punje 10. Kama ningechagua ninachokiona kuwa bora katika kila hatua, ningeweka 6 mwanzoni, pengine 4 kwenye karata tatu, 4 kwenye ya nne na 4 kwenye ya tano, nami ningepoteza 18, kwa kuwa ree na malkia isingetoka kwa kupandisha kwangu na malkia angeanguka vilevile. Uchezaji bora ungenigharimu punje 8 zaidi usiku ule. Hilo halibadilishi uamuzi hata mmoja, kwa sababu sikuwa na njia ya kujua kwamba malkia anakuja, wala kwamba fundi ndiye anayemngojea.

Kalamu au kompyuta

Baadhi ya vijana wetu hunishauri niache daftari nitumie programu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao iitwayo Cepheus, iliyokokotoa holdemu ya kikomo ya watu wawili kwa ukaribu kiasi kwamba binadamu angecheza nayo maisha yake yote bila kupata ushahidi kwamba ina udhaifu. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini ni ya watu wawili, nasi tulikuwa watatu mpaka karata ya nne, tena inacheza bila kumjua aliye mbele yake. Kwa anayetaka kuelewa jinsi mchezo unavyopaswa kusawazishwa, mashine ni mwalimu bora. Kwa anayekaa na watu wale wale kila Jumamosi, kalamu inafika mahali ambapo mashine haifiki, kwa kuwa orodha ya namna 48 na 44 haikutoka kwenye mashine, ilitoka kwenye kumtazama fundi tangu baridi ilipoanza.

Nalo ni jambo linaloweza kuugeuza uamuzi wote. Mama mwenye nyumba, kwa kadiri ninavyokumbuka, hajawahi kuweka dau kwenye karata ya tano akiwa na jozi iliyo chini ya ile kubwa ya mezani. Yeye akiona malkia na hana malkia, hupita. Angekuwa ni yeye aliyeweka zile punje 4, zile namna 7 ninazozihitaji zisingekuwapo, na jozi ile ile ya kumi, mbele ya bakuli lile lile la punje 31, ningeitupa bila kuhitaji sinia wala taa.